Furaha Ndogo za Kila Siku Wakati wa Matibabu ya Saratani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wagonjwa wa saratani walio katikati ya matibabu, hasa tibakemikali, ambayo wengi wetu huiita kemo, na tiba ya mionzi, pamoja na ndugu wanaowauguza. Maswali yaliyomo ni yale yanayoulizwa kwenye mabenchi ya kliniki baada ya daktari kupita, pale mgonjwa anapobaki na jambo aliloona haya kulisema: kama anaruhusiwa kunywa kahawa barazani, kama anaweza kumpakata mjukuu wake, kama ni vibaya kucheka wakati nyumba nzima imejaa huzuni. Pale ambapo maelekezo ya daktari wako yanatofautiana na yaliyoandikwa hapa, fuata ya daktari, kwa kuwa yeye anaijua dawa unayopewa na hali ya damu yako.

Kwa nini tuzungumzie furaha ndogo wakati mtu anapigania uhai wake?

Kwa sababu matibabu ni marefu, na maisha hayasimami kuyasubiri. Kemo nyingi hutolewa kwa mizunguko ya wiki tatu, na mizunguko hiyo huweza kufika sita au zaidi. Mionzi ya kutibu nayo mara nyingi huchukua wiki kadhaa mfululizo. Ukijumlisha vipimo, upasuaji, safari na siku za kusubiri majibu, mwaka mzima unaweza kupita. Mtu anayejiambia kwamba ataanza kuishi tena akishapona anaukabidhi ugonjwa mwaka ambao ulikuwa na asubuhi zake, mechi zake za redioni, embe za msimu na mazungumzo ya jioni.

Furaha tunayoizungumzia ni ile isiyohitaji fedha nyingi wala nguvu nyingi: kuoga maji ya uvuguvugu, kujifunika kanga iliyolainika kwa kufuliwa, kusikia sauti ya rafiki wa zamani kwenye simu. Saratani huchukua mengi ambayo mgonjwa hana uwezo wa kuyazuia, lakini haya machache yanaweza kulindwa. Kuyalinda kunahitaji maarifa kidogo, maana dawa hubadilisha ulimi, pua, ngozi, vidole na usingizi, na jambo lililokuwa raha mwezi uliopita huweza kuwa karaha leo.

Je, kukaa na furaha kunaponya saratani au kurefusha maisha?

Hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema hivyo, na ni vyema jambo hili lielezwe waziwazi. Mwaka 2007 mtafiti James Coyne na wenzake walichapisha uchunguzi uliowahusu wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo, na hawakukuta kwamba hali ya hisia za mgonjwa ilitabiri ataishi muda gani. Yanayobadilisha mwenendo wa ugonjwa ni dawa, mionzi, upasuaji na kufika kliniki kwa tarehe uliyopangiwa.

Wapo wanaovunjika moyo wakisikia hivyo. Mimi naona jibu hili linamtua mgonjwa mzigo mzito, kwa sababu wengi hulala wakijilaumu kwamba uvimbe umekua kwa vile walilia au walikata tamaa wiki fulani. Haukukua kwa sababu hiyo. Unaruhusiwa kulia, na pia unaruhusiwa kufurahi bila kuidai furaha ikuponye. Saa moja ya kicheko ni saa ya maisha yako, hata kama haikupunguza uvimbe hata chembe. Mtu akikuambia uache dawa za hospitali kwa kuwa moyo mkunjufu na mitishamba yake vinatosha, usimfuate.

Ni siku zipi ninazoweza kutegemea kuwa na nguvu ya kufurahia kitu?

Hili ndilo swali lenye manufaa makubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na ni wagonjwa wachache wanaoliuliza mapema. Kemo ina mpangilio, na ukishaupata mzunguko mmoja au miwili utaanza kuutambua wako. Katika mizunguko ya siku 21, siku chache za mwanzo mara nyingi ndizo za kichefuchefu na mwili kulegea. Wengi hupewa deksamethazoni ili kuzuia kutapika, na dawa hiyo huweza kumfanya mtu akeshe macho usiku akiwa na nguvu za ajabu, kisha ikiisha mwili unaanguka ghafla. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka, na hapo mgonjwa anaweza kujisikia nafuu kumbe kinga yake iko chini kabisa. Wiki ya tatu, kabla ya dozi inayofuata, kwa kawaida ndiyo wiki nzuri.

Chukua kalenda ya ukutani, andika jinsi ulivyojisikia kila siku kwa neno moja tu, na baada ya mizunguko miwili uitazame. Kisha panga. Safari ya kwenda kumsalimia dada yako, kikao cha arusi, ibada ya Ijumaa au misa ya Jumapili yenye umati, yote hayo yawekwe wiki ya tatu inapowezekana. Siku za kinga ndogo ziwe za mambo ya nyumbani au ya nje penye hewa na watu wachache: kukaa chini ya mwembe, kupiga simu, kusikiliza taarabu au kaswida au kwaya unayoipenda. Siku za mwanzo zisipangiwe kitu chochote zaidi ya kulala, maji ya kunywa kwa mafunda madogo, na mtu mpole wa kukaa karibu.

Homa ikifika nyuzi joto 38 au zaidi wakati uko kwenye kemo, ni dharura hata kama unajisikia vizuri, na hata kama ni usiku wa sikukuu. Usimeze parasetamo kwanza kuituliza. Piga simu au nenda hospitali mara moja. Kipimajoto ni kitu cha kununua mapema kabisa, kwa sababu mwenye kipimajoto anaweza kukaa barazani bila wasiwasi wa kubahatisha.

Chakula hakina ladha tena, na chai inanikaa mdomoni kama chuma. Raha ya kula imekwisha?

Imebadilika, na mara nyingi hurudi taratibu baada ya matibabu. Kwa sasa, jaribu kula kwa kijiko cha mbao au cha plastiki badala ya cha chuma. Ladha ya uchachu mara nyingi hupenya pale utamu na chumvi zinaposhindwa, kwa hiyo ndimu kwenye supu, ukwaju kwenye maji au tangawizi kwenye chai vinaweza kuuamsha ulimi, isipokuwa kama una vidonda mdomoni, ambapo uchachu na pilipili vitakutesa bure. Mwenye vidonda atapata nafuu kwa mtori, uji wa ulezi uliopoa kiasi, ndizi mbivu na mayai yaliyoiva vizuri, na kwa kusukutua mara kadhaa kwa siku kwa maji safi yenye robo kijiko cha chai cha chumvi katika glasi.

Pua ndiyo inayowashinda wengi kabla hata ya ulimi. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa au ya dagaa huweza kumwondoa mgonjwa chumbani. Chakula kilichopoa hutoa harufu kidogo kuliko cha moto, kwa hiyo viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi na kuliwa mchana, au maandazi ya jana, huenda vikapita vizuri kuliko pilau lililotoka jikoni sasa hivi. Kupika kufanyike nje au kwa jirani inapowezekana. Wanaopewa dawa ya kemo iitwayo oksaliplatini wao wajue kwamba kwa siku kadhaa baada ya dozi vitu vya baridi huwasha na kukaba koo, na hata kushika chuma baridi hutia ganzi ya maumivu vidoleni. Kwao maji ya friji na aiskrimu visubiri.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: usile chakula unachokipenda kuliko vyote siku ya dozi. Mwaka 1978 Ilene Bernstein wa Marekani alichapisha uchunguzi wa watoto waliopewa aiskrimu ya ladha ngeni muda mfupi kabla ya kemo. Baadaye wengi wao waliikataa ile aiskrimu, kwa sababu mwili ulikuwa umeiunganisha na kichefuchefu. Ndivyo ilivyo hata kwa mtu mzima na wali wa nazi. Siku ya dozi kula kitu ambacho hutajali kukichukia, na wali wa nazi wa mama yako uuhifadhi kwa ajili ya wiki ya tatu.

Madafu, juisi ya miwa, kachumbari na maziwa ya mtindi: ninaruhusiwa?

Inategemea chembe nyeupe na usafi. Matunda unayoyaosha na kuyamenya mwenyewe nyumbani, kama chungwa, ndizi na embe, hayana shida kwa wengi. Juisi ya miwa ya mtaani ni ya kuachwa katika siku za kinga ndogo, kwa kuwa hujui mashine ilioshwa lini na barafu ilitoka maji gani. Vivyo hivyo matunda yaliyokatwa na kupangwa barabarani, mayai yasiyoiva, na maziwa mabichi au mtindi uliotokana nayo. Kachumbari itengenezwe nyumbani kwa mboga zilizooshwa kwa maji safi, na iliwe papo hapo. Dafu lipasuliwe mbele yako kwa kisu safi, ila mwenye tatizo la figo amuulize daktari kwanza kwa kuwa maji yake yana potasiamu nyingi. Balungi huingiliana na baadhi ya vidonge, kwa hiyo liulizie.

Niko mbali na nyumbani kwa wiki nyingi kwa ajili ya mionzi. Siku haziishi. Nifanyeje?

Mionzi ya nje kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, na muda wa kulala kwenye mashine ni dakika chache tu. Siku iliyobaki ni kusubiri, na kwa mtu aliyetoka Kigoma, Mtwara au Pemba akafikia kwa ndugu asiyemzoea, kusubiri huko kunachosha kuliko tiba yenyewe.

Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam iko kando ya bahari. Jengo lake la kale lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kama hospitali, na mahali palichaguliwa penye upepo. Taasisi yenyewe ikaundwa kwa sheria mwaka 1996. Upepo ule bado upo, na mgonjwa anayesubiri zamu yake anaweza kutoka na kuketi kivulini akitazama meli zinazoelekea bandarini. Huko Kampala, Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967, iko kwenye kilima cha Mulago. Na Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, hospitali imezungukwa na vilima vya kijani. Popote ulipo, tafuta mahali pamoja pa nje ambapo utaketi kila siku kwa muda uleule. Mazoea ya namna hiyo huipa siku umbo, na baada ya wiki utawafahamu wengine wanaokaa hapo.

Ngozi iliyopigwa mionzi ifunikwe isipate jua, kwa nguo laini isiyobana; kanga nyepesi ya pamba inafaa sana. Usifute alama zilizochorwa mwilini. Maji ya bahari huiwasha ngozi iliyochubuka, kwa hiyo kuogelea kusubiri hadi uruhusiwe, na usipake poda, manukato wala mafuta yoyote sehemu hiyo bila kuuliza.

Kazi ya mikono huwasaidia wengi kupitisha saa: kusuka ukili, kufuma vitambaa, kucheza bao au karata. Lakini dawa kama vinkristini, paklitakseli na sisplatini huweza kutia ganzi vidole, na mfumaji hodari akajikuta anaangusha sindano. Ikiwa ni hivyo, mwambie daktari, kwa kuwa dozi huenda ikahitaji kurekebishwa, kisha badilisha raha kwa muda: kusikiliza badala ya kushona, kusimulia badala ya kuandika. Mwenye ganzi pia awe mwangalifu na kikombe cha chai ya moto na jiko la mkaa, maana anaweza kuungua asijue.

Uchovu wangu hauondoki hata nikilala. Je, nijilazimishe?

Uchovu wa saratani ni tofauti na ule wa kutoka shambani, na usingizi peke yake hauumalizi. Inashangaza, lakini tafiti nyingi zinakubaliana kwamba kutembea kidogo kila siku kunaupunguza, ilimradi daktari amekuruhusu. Anza na kuzunguka ua, au kwenda hadi dukani na kurudi. Upungufu wa damu nao huleta uchovu na unatibika, kwa hiyo useme. Kuhusu raha, ningeshauri uchague moja tu kwa siku na uifanye katika saa yako bora, kabla ya kazi za nyumbani. Wanawake hasa huitumia saa yao ya nguvu kufagia na kuosha vyombo, halafu wakabaki kitandani jioni bila kitu walichokifanya kwa ajili yao wenyewe.

Nywele zimekatika. Bado ninaweza kujipamba?

Unaweza, na usimruhusu mtu akuambie kwamba ni upuuzi. Kwa dawa zinazokata nywele, huanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, kwa hiyo wengine huona afadhali wazinyoe mapema kwa siku waliyoichagua, nyumbani, wakinyolewa na mtu wanayempenda. Kilemba cha kitenge, mtandio laini au kofia ya kufuma hukinga kichwa dhidi ya jua na baridi. Mafuta yasiyo na harufu kali yatunze ngozi inayokauka.

Hina ya asili mikononi na miguuni kwa wengi haina neno, lakini usiipake kwenye kucha za vidole wakati wa matibabu, kwa sababu wauguzi hutazama rangi ya kucha na hutumia kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni, na rangi nzito huwapotosha. Piko nyeusi iachwe kabisa, kwa kuwa huwa na kemikali zinazounguza ngozi hata ya mtu mzima wa afya. Udi na ubani ni suala la pua yako: wako ambao harufu hiyo huwatuliza kama zamani, na wako ambao huwarudishia kichefuchefu. Moshi haumfai mwenye kikohozi au aliyepigwa mionzi kifuani.

Je, ni salama kuwakumbatia watoto na kulala na mume au mke wangu baada ya kemo au mionzi?

Hofu hii imewanyima watu wengi raha ambayo hawakupaswa kunyimwa. Saratani haiambukizi kwa kugusana. Mionzi ya nje haibaki mwilini. Ukishatoka kwenye mashine, huna mionzi yoyote ya kumdhuru mtoto, na hata kwa mionzi ya ndani inayotumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambapo chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya mwili kwa muda, chanzo hicho kikishatolewa hakuna kilichobaki. Mpakate mjukuu. Lala na mwenzako kitanda kimoja, mshikane mikono.

Tahadhari ni chache na zina mipaka. Kwa takribani siku mbili baada ya kemo, mkojo, kinyesi na matapishi huwa na mabaki ya dawa, kwa hiyo anayeyasafisha avae glavu, na choo kimwagiwe maji ya kutosha. Katika tendo la ndoa siku hizo kondomu itumike, na mimba izuiwe kipindi chote cha matibabu. Mtoto mwenye mafua, surua au tetekuwanga asikukaribie. Wanaotibiwa tezi ya shingo kwa ayodini yenye mionzi ni miongoni mwa wachache wanaohitaji kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, na hospitali itawapa maelekezo yao maalumu.

Maumivu yanaharibu kila kitu. Nitafurahiaje chochote?

Hutafurahia, na hakuna anayepaswa kukutarajia ufurahie ukiwa kwenye maumivu. Maumivu yatibiwe kwanza. Mofini ya maji ya kunywa ni dawa ya bei nafuu na yenye nguvu, na kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, kabla maumivu hayajarudi. Wengi huiogopa wakidhani ni dawa ya kufa nayo, au kwamba itawageuza mateja. Ikitumiwa kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi, kwa kawaida haifanyi hivyo. Hufunga choo, na kwa hilo hutolewa dawa ya kulainisha.

Uganda imeonyesha jinsi jambo hili linavyowezekana: Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, na tangu mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, kumwandikia mgonjwa mofini. Huko Kenya, Nairobi Hospice, inayotoa tiba hiyohiyo, ilianza mwaka 1990. Tiba shufaa si ya wanaokaribia kufa peke yao. Iombe tangu siku maumivu yanapoanza. Nimeshuhudia mtu aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani akiomba, baada ya maumivu kutulizwa, aletewe redio asikilize mpira.

Ndugu na viongozi wa dini wananiambia nishukuru na nisilie. Nami nikicheka, wengine hushangaa. Nishike lipi?

Shukrani inayotoka moyoni ni tulizo kubwa, na ile inayodaiwa kwa nguvu huwa adhabu juu ya ugonjwa. Katika Kurani, Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, na bado ni mfano wa subira njema. Zaburi nyingi katika Biblia ni vilio vya watu waliomweleza Mungu uchungu wao bila kuuficha. Hakuna ulazima wa kuchagua kati ya machozi na kicheko, maana siku moja ya mgonjwa huvibeba vyote viwili. Anayeshangaa kukuona ukicheka mweleze kwa utulivu kwamba unajua ugonjwa wako, na kwamba kicheko hicho hakiupuuzi.

Mfungo wa Ramadhani ni furaha yangu ya mwaka. Ninaweza kufunga?

Kurani yenyewe, katika Surat al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, au kulisha masikini ikiwa hataweza. Kufunga wakati wa kemo huweza kukausha mwili, kuharibu figo na kuvuruga saa za dawa, kwa hiyo zungumza na daktari na shehe wako kabla ya mwezi kuandama. Kinachowauma wengi ni kukosa ile hali ya mwezi, na hiyo inaweza kubaki: keti mkekani na wenzako wakati wa futari, onja tambi au uji wa mchele, sikiliza tarawehe, amka daku na watoto hata kama umekula mchana.

Hakuna kinachonifurahisha, hata vile nilivyovipenda sana. Je, nimekuwa mvivu wa moyo?

Hapana. Kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi ni dalili ya sonona, ambayo ni ugonjwa unaotibika na huwapata wagonjwa wengi wa saratani. Ushauri wa kutafuta furaha ndogo hautoshi kwa mtu aliye katika hali hiyo, na unaweza kumuumiza zaidi. Mwambie daktari au muuguzi kwa maneno ya wazi: "Sioni raha ya kitu chochote." Kuna mazungumzo ya kitaalamu na kuna dawa. Mawazo ya kujidhuru yakija, yaseme siku hiyohiyo kwa mtu aliye karibu nawe, na asikuache peke yako hadi mfike hospitali.

Tunaokwenda kumtembelea mgonjwa, tumpelekee nini?

Pigeni simu kwanza na muulize ni siku ya ngapi tangu dozi. Mwenye mafua abaki nyumbani. Pelekeni kitu ambacho mgonjwa amekitaja mwenyewe, hata kama ni kidogo mno: betri za redio, vocha ya simu, limau tatu, mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Msimsimulie habari za waliokufa kwa ugonjwa uleule, wala msimpe dawa za kienyeji kwa siri. Simulieni ya mtaani, nani kajenga, nani kazaa, timu ipi imefungwa, kwa sababu mgonjwa amechoka kuulizwa juu ya mwili wake na ana kiu ya kuwa mwenyeji tena wa mtaa wake. Kaeni muda mfupi, kisha muage.

Na mimi ninayeuguza, ni halali kujifurahisha wakati yeye anateseka?

Ni halali na ni lazima, kwa kuwa uuguzaji wa miezi mingi humwangusha hata mwenye mapenzi makubwa. Mara nyingi mzigo huu hubebwa na binti mmoja au mke mmoja wakati ukoo mzima unatoa pole kwa simu. Familia ikae, ipange zamu, na mwuguzaji apewe angalau nusu siku kila wiki ya kwenda anakotaka bila kutumwa kitu: salooni, kwenye kikundi chake cha akina mama, au kulala tu kwa dada yake. Atakayemshikia zamu aonyeshwe mapema dawa zilipo, saa za kuzinywesha, mahali kipimajoto kinapokaa na namba ya simu ya wodi.